Maswali yenu: Grupu la WhatsApp limejaa, lakini masomo hayaendi

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu simu na masomo, nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu najua walimu wengi wanapitia hicho hicho na wanakaa nacho kimya.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha hisabati, nina grupu la WhatsApp lenye wanafunzi 70. Kila jioni natuma notsi za PDF na linki za YouTube, wanajibu "asante ticha" na vile viemoji vya mikono, kesho yake nikiuliza darasani hakuna anayejua kitu. Halafu grupu lenyewe limejaa stika na salamu mpaka notsi zinapotea huko juu. Nimechoka, nataka kulifunga. Nifanyeje?

Marahaba mwalimu, na pole na kazi. Usilifunge kwanza.

Hebu fikiria mtoto anafanya nini ukishatuma hiyo PDF. Simu inalia, anaifungua, anaona kurasa 12, anasema ntasoma baadae, anaandika asante ticha, kwisha. Na moyoni mwake anaona kabisa kwamba hesabu za leo ameshazishughulikia, wakati hajawaza kitu hata kimoja. Sio mvivu huyo. Ni kwamba umempa kitu cha kupokea na hujampa kitu cha kufanya, na wengi wetu ndo tunavyotumia haya magrupu, tunayageuza kabati la kutunzia notsi alafu tunashangaa kwa nini watoto hawajui.

Kuna jaribio moja walifanya wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, Marekani, lilitoka 2006, napenda kila mwalimu alijue. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, kundi moja likarudia kukisoma tena, lingine likaambiwa lifunike na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, wale waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Sasa angalia grupu lako, notsi zote unazotuma zinawaomba wasome na wasome tena, hakuna mahali panapowaomba wafunike na wakumbuke.

Kwa hiyo badilisha unachotuma. Badala ya kurasa 12 tuma swali moja, fupi, lenye mtego unaoujua wewe kama mwalimu. Mi niliwahi kutuma hili: ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Na sikutaka jibu tupu, niliwaambia kila mtu anirekodie voisi ya sekunde 30 inboksi, aeleze kama vile anamwelewesha mdogo wake. Voisi moja siisahau mpaka leo. Kijana anaanza kwa kujiamini, "ticha, robo ni kubwa kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu," alafu kimya. Nasikia karatasi inakunjwa. Inakunjwa tena. Kimya kirefu, mpaka nikadhani amesahau kuzima, mara anasema taratibu, "aah, hapana, subiri, vipande vikiwa vingi kila kimoja kinakuwa kidogo." Hakufuta akarekodi upya, alinitumia hivo hivo, na kwangu ile voisi ilikuwa na thamani kuliko zoezi zima la daftari kwa sababu nilimsikia akielewa.

Utaniambia voisi 70 utazisikiliza saa ngapi. Ni kweli, 70 mara sekunde 30 ni dakika 35, na mtu ana nyumba na watoto. Usisikilize zote. Chukua 10 kwa siku kwa kufuata rejista, ndani ya wiki utakuwa umepita kwa kila mtu, na kwa vile hawajui zamu ni ya nani wote watarekodi. Kesho yake darasani anza na kosa ulilolisikia mara nyingi, bila kumtaja aliyekosea. Na swali lile lile lirudishe baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukibadilisha namba tu. Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alishaonyesha tangu 1885 kwamba ukirudia kitu kwa kuachia nafasi kinakaa kichwani kuliko ukikirudia chote siku moja.

Kuhusu stika na salamu, hilo ni jepesi. Tangu 2018 WhatsApp inakuruhusu uweke admini tu ndo waandike, ingia kwenye mipangilio ya grupu utaiona. Hilo grupu la 70 liwe la matangazo na swali la siku basi. Halafu wagawe kwenye vigrupu vya watu saba saba, kila kimoja na kiongozi wake, humo wabishane hesabu na watumiane picha za madaftari, wataongea hata wale ambao mbele ya watu 70 wasingethubutu. Ila angalia kitu kimoja, zile kura za WhatsApp zinaonyesha nani kachagua nini, wakimwona yule bingwa wa darasa kabonyeza A wote wanamfuata. Ukitaka kura za kimasomo Telegram ina aina ya chemsha bongo tangu 2020, unaweza kuficha majina, na mtu akishachagua hapo hapo anaonyeshwa kama amepata au amekosa.

SWALI: Mwalimu habari. Binti yangu yuko sekondari, kila siku anaangalia masomo YouTube kwa muda wa saa mbili hadi tatu, nikimuuliza anasema anaelewa vizuri sana. Matokeo yakija ni yale yale. Je anatudanganya?

Hakudanganyi mama. Anaelewa kweli, ila anaelewa wakati mwalimu wa kwenye video anaongea. Ukimwangalia fundi mzuri akifanya kazi kila kitu kinaonekana rahisi, mpaka ushike nyundo mwenyewe.

Kaa naye jioni moja ufanye hivi. Video ikifika pale mwalimu anaandika swali ubaoni, bonyeza pozi kabla hajaanza kulijibu. Simu igeuzwe chini. Binti achukue kalamu ajaribu mwenyewe hata kama anakosea, akikwama kabisa ndo aigeuze aangalie mstari mmoja tu, aigeuze tena. Mara ya kwanza atakasirika, mvumilie, kwa sababu ndo mara ya kwanza anaona umbali kati ya kufuata na kuweza. Na saa tatu za video ni nyingi mno. Mtafiti Philip Guo na wenzake walipochunguza mamilioni ya mara ambazo watu walifungua video za masomo ya mtandaoni za edX, mwaka 2014, waliona watu wanakaa kwenye video kama dakika 6 hivi, hata video iwe ndefu vipi. Video mbili fupi na maswali kumi kwenye karatasi zinamtosha.

Mfano mzuri ni Khan Academy, tovuti ya masomo. Salman Khan alianza 2004 kwa kumfundisha binamu yake Nadia hesabu akiwa mbali naye, video za YouTube zikaja 2006, shirika lenyewe 2008. Watu wengi wanazijua video zake tu, ila kwenye tovuti yake kuna mazoezi yanayofuata kila somo na yanakwambia umekosea wapi, na ni bure. Anza huko kwenye mazoezi, video iwe ya kuendea pale alipokwama. Kama anasoma fizikia au kemia mtafutie PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, tovuti ya majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Humo anaunganisha mwenyewe waya, betri na balbu, akikosea taa haiwaki, na hakuna mtu anayemwelezea mpaka ajaribu.

Na wakati huo wote zima vijulisho vya apu zingine. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilitaja kwamba mwanafunzi akishakatizwa anaweza kuhitaji hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Meseji tatu tu zikiingia saa nzima imekwenda.

SWALI: Mnaongea apu apu, sisi wengine wanafunzi hawana simu na shule imekataza. Simu ni yangu peke yangu. Au haya mambo ni ya wenye uwezo tu?

Nashukuru umeuliza bila kuzunguka, maana hili linaniuma sana na ushauri mwingi wa teknolojia unawaruka watu kama wewe. Simu moja ya mwalimu inatosha kufanya kitu cha maana. Kuna apu inaitwa Plickers, kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake, pande zake nne zimeandikwa A, B, C na D. Unauliza swali, kila mtu anainua kadi akiwa amegeuza juu upande wa jibu lake, wewe unapitisha kamera ya simu polepole darasa zima na majibu yanaingia kwa majina. Hawana simu hata mmoja! Na kwa sababu michoro haifanani hata akichungulia kadi ya jirani haimsaidii kunakili. Dakika mbili unajua nani kaelewa na nani kakaa kimya tu nyuma huko.

Kama shule ina kompyuta hata moja ila intaneti ni ya shida, ulizia programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality. Inapakiwa mara moja na masomo yake, baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti kabisa. Programu ya Kiwix nayo, ukishaipakua mara moja, inakupa Wikipedia nzima ya kusoma bila bando, hata ya Kiswahili ipo.

Ila kama siku hiyo simu haina chaji wala bando waambie wafunike daftari, wamwambie jirani walichojifunza jana. Ni lile lile jambo la Roediger na Karpicke, na halihitaji kifaa.

SWALI: Mimi ni mwalimu kijana, nimefungua TikTok ya kufundisha sarufi na inaenda vizuri. Tatizo wanafunzi wangu wameanza kunifuata kwenye akaunti yangu binafsi na kuniandikia inboksi usiku. Wengine ni wadogo. Niwajibu?

Hapana, sio inboksi na sio usiku. Na hongera kwa sarufi, endelea nayo.

Tenganisha akaunti leo hii, ya kazi iwe wazi, ya kwako ifunge na uwaondoe wanafunzi wote bila kuwaonea haya, waeleze darasani sababu ili asijione mtu amechukiwa. Mitandao mingi mikubwa hairuhusu akaunti kwa walio chini ya miaka 13, kwa hiyo hao wadogo usiwape kazi yoyote inayowalazimu kufungua akaunti, kwao tumia simu ya mzazi. Sura za watoto usiziposti, hata kama wamefurahi na mzazi mmoja kakubali, rekodi mikono yao ikiandika au ubao. Kumbuka pia kwenye grupu la kawaida la WhatsApp namba ya kila mtu inaonekana na wote, mweke mwalimu mwenzako au mzazi awe admini pamoja na wewe.

Anayeuliza sarufi saa tano usiku mjibu kesho mbele ya darasa, swali lake litawasaidia na wenzake. Lakini usome alichoandika kabla hujaiacha hiyo meseji, kwa sababu mtoto mwingine anaanza na nomino na vitenzi, mstari wa tatu anakwambia anapigwa nyumbani au hataki kuishi. Hiyo usisubiri kesho. Mjibu kwamba umemsikia, usimwahidi siri, na usiku huo huo mpigie mkuu wa shule au mwalimu wa malezi, uihifadhi hiyo meseji kama ilivyo.