Tuyo (bomba) ya maji izikwe kina gani kwenye makoro (mawe ya volkano) ya Goma?

SWALI: Papa fundi, jambo yako. Tunajenga huku Ndosho. Kijana anayetuchimbia mtaro wa tuyo ya maji, kutoka barabarani mpaka nyumbani, kama mita 50, amefika sentimita 35 akagonga jiwe tupu. Sasa anataka pesa nyingine ya kulivunja. Mtoto wangu aliye Ubelgiji anasema tuyo huzikwa sentimita 80, isipungue. Nimsikilize nani?

JIBU: Jambo sana, mama. Mtoto wako hakukosea, ila anakueleza mambo ya huko aliko. Ubelgiji udongo huganda wakati wa baridi. Maji yakiganda ndani ya tuyo hutanuka na kuipasua, kwa hiyo huishusha mpaka mahali ambapo baridi haifiki. Goma tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, lakini ikweta iko jirani na maji hayagandi ardhini. Sisi tunazika tuyo kwa kuogopa jua linalochakaza plastiki, jembe, mvua inayofukua udongo, na lori la mawe.

Ndani ya parsele (kiwanja), panapochimbika, mimi huenda sentimita 50 hadi 60. Panapopita gari, 80. Kwako, pale watu wanapotembea kwa miguu tu, 35 zitatosha. Usilipe kuvunja mtaro mzima! Lipa kipande cha langoni, gari litakapoingilia. Hata hapo jiwe likigoma, pitisha tuyo ndani ya bomba la chuma lililo pana kuliko yenyewe, kisha mwaga beto (zege) juu ya hilo bomba.

Mimi ninaogopa zaidi kitanda ambacho tuyo inalalia. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja mtaa wa Katindo, bili ya maji ilikuwa inapanda kila mwezi na uwanja ni mkavu kabisa. Makoro yana nyufa na matundu, basi maji yakivuja hayapandi juu uyaone, yanamezwa. Tulichimba siku mbili. Tundu lilikuwa upande wa chini wa tuyo, dogo kama punje ya mchele, na chini yake jino la jiwe limesimama palepale, limekuwa likiisukuma tangu siku ilipofukiwa. Tuyo hiyo ilikuwa imezikwa sentimita 70. Kina kirefu hakikuisaidia kitu, na mwenye nyumba alikuwa amelipia kila sentimita.

Kwa hiyo mwambie kijana avunje meno yote yaliyochomoza chini ya mtaro, kisha amwage sentimita 10 za mchanga uliochekechwa. Tuyo ilale juu yake, ifunikwe na sentimita 15 za mchanga uleule, ndipo udongo urudi. Katika sentimita 35 zako vyote vinaenea. Mahali utakapolima mboga, panga mawe bapa juu ya mchanga ili jembe ligonge jiwe kwanza.

Nunua tuyo nyeusi yenye mistari ya buluu, ile inayouzwa kwa rola. Mita 50 zitakwenda bila kiungo hata kimoja katikati, na ardhi yetu inayotetemeka haiipasui upesi kama ile ngumu ya kugundishwa. Ila isivutwe ikanyooka kama kamba ya nguo. Joto likishuka digrii 20, tuyo ya urefu huo inaweza kufupika kama sentimita 20, na itakayoumia ni miunganisho ya mwisho. Ilazwe ikipindapinda kidogo.

Jambo la choo nakuomba usilipuuze, mama. Maji yetu hukatika mara kwa mara. Yakikatika, tuyo inayoshuka inaweza kuvuta hewa, na kama pana mahali panapovuja, itavuta na majimaji machafu yaliyo nje yake. Katika makoro uchafu wa choo husafiri ndani ya nyufa, na kipindupindu Goma tunakijua. Mimi huiweka tuyo angalau mita 3 kutoka choo au fosi (shimo la maji ya choo), hata kama itanibidi kuzunguka nyumba. Ikilazimika kupishana na bomba la maji machafu, ya maji safi ipite juu.

Msifukie siku hiyohiyo. Fungulieni maji, mfunge robine (koki) zote, mwache mpaka kesho yake, kisha upite mwenyewe na kitambaa kikavu ukifuta kila kiungo. Kikitoka kikavu, piga picha ya mtaro, pima umbali wa tuyo kutoka ukutani, na uhifadhi vipimo hivyo pamoja na karatasi za parsele.