Tangawizi mwitu au tangawizi ya msituni?

SWALI: Ninaandaa kijitabu cha mimea ya misitu ya tropiki. Niliandika "tangawizi mwitu". Mhariri akafuta, akaweka "tangawizi ya msituni", kwa hoja kwamba mwitu ni nomino na haiwezi kufuata nomino nyingine bila "ya". Nani kakosea?

JIBU: Wewe hukukosea. Mwitu ni nomino kweli, maana yake msitu mnene, lakini Kiswahili huweka nomino nyuma ya nomino ili kutaja aina: nguruwe mwitu, paka mwitu, bata mzinga, askari kanzu. Mwitu haibadiliki kwa ngeli. Ndiyo maana husema mmea mwitu, mimea mwitu, wala si "mimea miitu". Upatanisho unabebwa na tangawizi: tangawizi mwitu hii imechanua, hizi zimechanua.

Tena sahihisho hilo limebadili maana. "Ya msituni" hutaja mahali. Tangawizi ya kawaida ukiipanda chini ya miti mikubwa itakuwa ya msituni, na bado si mwitu. Tangawizi mwitu nayo ukiihamishia kwenye chungu cha maua, mwitu ni mwitu tu.

Ningependa uangalie zaidi neno la kwanza. Msomaji anaweza kudhani tangawizi mwitu ni ileile ya jikoni iliyokimbilia porini. Siyo. Tangawizi tuipikayo, Zingiber officinale, haijulikani kuota yenyewe mwituni. Imekuwa mmea wa kupandwa tangu kale. Mfano mzuri ni mbwa mwitu wa Afrika: si mbwa wa nyumbani aliyeasi, ni mnyama wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) nyingine kabisa. Katika misitu ya Afrika, jina hili mara nyingi huangukia jenasi ya Aframomum, yenye matunda mekundu yanayochomoza karibu na ardhi, kando ya mabua ya majani. Mbegu zake zina ukali na harufu iliyo karibu na iliki kuliko tangawizi, na iliki nayo ni ya ukoo huohuo, pamoja na manjano. Huko Asia jina hilohilo litafaa kwa Zingiber zerumbet, ambayo ni ya jenasi moja na tangawizi ya jikoni.

Kwa hiyo rudisha "tangawizi mwitu", na inapotajwa mara ya kwanza andika kando yake jina la kisayansi la spishi unayoizungumzia. Na kile kinachochimbwa usikiite mzizi: ni shina linalotambaa chini ya udongo.