Mbwa mzima, ulingo mpya: maswali na majibu

Maswali yenu kuhusu maonyesho ya mbwa, yale ya kamba, shampuu na meza za kusafishia, yamefurika tena. Yanayouliza jinsi ya kumzoesha mbwa mzima, yaani aliyekwisha kukomaa, kushikwa na mtu asiyemjua hayafiki hata vidole vya mkono mmoja. Nitajibu yote kama yalivyokuja, ila msishangae nikirudi kwenye hilo hata pale ambapo hamkuuliza.

Dume wangu ana miaka mitatu na hajawahi kuingia kwenye maonyesho. Nimechelewa?

Hujachelewa. Swali hili huja kila mara na jibu halijabadilika. Kwenye maonyesho yanayofuata kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vilabu vya mbwa, darasa la wazi huanza miezi 15 na halina ukomo wa juu, na darasa la wakongwe huanza miaka 8. Aina nyingi za mbwa wakubwa hazifungui kifua wala kukamilika umbo kabla ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo huenda dume wako ndiyo kwanza amefika wakati wake.

Kikwazo ni mazoea. Kwa miaka mitatu amejifunza kuvuta kamba, kunusa chini anapotembea, kukaa unaposimama na kumkwepa mtu anayemwinamia. Hayo hayaondoki kwa wiki mbili. Jipe miezi mitatu kabla ya kujaza fomu. Na kabla hujaanza hata kufundisha, nenda kwenye maonyesho bila mbwa, usimame pembeni ya ulingo wa aina ya mbwa wako tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoniandikia baadaye kwamba jaji aliwaonea.

Amehasiwa. Bado naweza kumwingiza?

Kwa kanuni za FCI, dume lazima awe na korodani mbili zilizoshuka kikamilifu kwenye mfuko wake. Marekani, klabu ya mbwa ya huko, AKC, haipokei mbwa aliyehasiwa au jike aliyefungwa kizazi kwenye madarasa ya kawaida ya umbo. Uingereza inaruhusu, lakini kwa kibali kinachoombwa mapema. Sababu yake ni nyepesi: maonyesho haya hupima mbwa watakaozaa kizazi kijacho, si urembo tu. Na msianze kuuliza kuhusu korodani bandia. Huo ni udanganyifu na adhabu yake mtaistahili. Mpeleke mbwa huyo kwenye mashindano ya utii au ya kuruka vizuizi, ambako kuhasiwa si kikwazo.

Nilimchukua kwa rafiki akiwa na mwaka mmoja. Cheti cha nasaba bado kina jina la rafiki. Si kinatosha?

Hakitoshi. Hamisha umiliki kwenye klabu iliyomwandikisha, na ufanye hivyo sasa, kwa sababu fomu za maonyesho makubwa hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kisha chipu yake, kile kifaa kidogo cha utambulisho kilicho chini ya ngozi, isomwe na daktari wa mifugo. Chipu ya kiwango cha ISO ina tarakimu 15. Zilinganishe na cheti moja baada ya nyingine. Kwa mbwa mzima chipu huweza kuwa imehama kutoka kati ya mabega na kushuka mpaka kwenye bega au karibu na kiwiko, kwa hiyo daktari akipitisha kifaa shingoni tu na kukuambia haipo, mwombe apitishe mwili mzima wa mbele.

Kama mbwa ameandikishwa AKC, angalia pia kama ni uandikishaji wenye mipaka. Mbwa huyo haruhusiwi kushindania umbo hata awe mzuri vipi, na kizuizi hicho huondolewa na mzalishaji wake, si na wewe uliyemnunua.

Nikisimama tu, anakaa. Alifundishwa utii tangu mdogo. Nimpe adhabu gani?

Adhabu ya nini? Amefanya alichofundishwa na kulipwa kwa miaka. Ukimkemea ataona kusimama mahali popote ni hatari, halafu utakuja kuniuliza kwa nini ameufyata mkia.

Tenganisha kazi mbili kwa vifaa. Kola na kamba ya kila siku zibaki za utii. Kamba nyembamba ya maonyesho iwe ya kazi mpya, na ukiishika neno "kaa" lisitoke kinywani mwako. Tembea polepole. Kabla hujasimama kabisa, weka kipande cha ini lililochemshwa, kikubwa kama punje ya njegere, mbele ya pua yake, usawa wa pua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakiinua. Chakula kikipanda juu ya pua, kichwa hupanda na makalio hushuka. Hivyo hivyo ndivyo alivyofundishwa kukaa. Kipande kikae usawa, ukisogeze mbele kidogo. Ukiona nyuma inaanza kushuka, songa mbele hatua moja badala ya kumvuta juu kwa kamba. Kiganja chako kikigusa chini ya tumbo karibu na paja, mbwa wengi hubaki wima.

Mlipe akiwa amesimama, baada ya sekunde moja, kisha tatu, tano, kumi. Ukimpa baada ya kukaa umelipia kukaa. Dakika tano mara mbili kwa siku zinatosha. Na mtu mwingine nyumbani asichukue kamba ile nyembamba kumpeleka mbwa kujisaidia. Kazi ya wiki mbili huyeyuka kwa siku mbili.

Akishaweza sekunde kumi, ndipo uanze kumpanga miguu. Ya mbele huinuliwa kwa kushika kiwiko, si kiganja, na kuachwa ishuke wima chini ya bega. Ya nyuma hushikwa karibu na kifundo, ipangwe ili sehemu kati ya kifundo na kiganja isimame wima. Aina kama mchungaji wa Kijerumani husimama kwa mpangilio wake, mguu mmoja wa nyuma ukiingia chini ya mwili, basi soma kiwango, yaani maelezo rasmi ya umbo, cha aina ya mbwa wako kabla ya kuiga jirani.

Nyumbani ni mpole, ila daktari akimshika mdomo ananguruma. Jaji si ataelewa?

Hataelewa, na si kazi yake kuelewa. Mbwa anayemshambulia mtu au kujaribu kufanya hivyo hutolewa ulingoni na kuondolewa kwenye mashindano. Hili ndilo swali ambalo nilitaka wengi zaidi waulize.

Kwanza, usiuadhibu mngurumo. Huo ni onyo. Ukiuzima utabaki na mbwa anayeng'ata bila kutangaza. Pili, mpeleke akakaguliwe kinywa na masikio. Mbwa mzima ana meno 42, na mmoja anayechukia kushikwa mdomo mara nyingi ana jino bovu au fizi zilizovimba. Hakuna zoezi linalotibu jino.

Akiwa mzima wa kinywa, anza wewe mwenyewe. Gusa kidevu, toa chakula, ondoa mkono. Siku zinazofuata, inua mdomo wa juu upande mmoja kwa sekunde moja, toa chakula, achia. Kisha upande wa pili, kisha mbele. Taya zibaki zimefungwa. Jaji huangalia kwanza jinsi meno ya mbele yanavyokutana, halafu pande zote mbili. Angalia kidole gumba chako: watu huziba pua bila kujua, mbwa anakosa hewa, anarusha kichwa, halafu analaumiwa kwa ukorofi.

Akishatulia kwako, leta wageni. Mgeni aje kwa mbele, asiwe nyuma yake, aguse kidevu kwa chini kabla ya kichwa, kisha ashuke shingoni, begani, mgongoni, mapajani, na kwa dume amalizie korodani kwa mguso mmoja. Badilisha watu: mwenye kofia, mwenye miwani, mwenye ndevu, mwanamke, mwanamume, mtu mwenye koti la mvua. Kwa aina ndogo zinazokaguliwa mezani, fanya yote mezani, na juu ya meza kuwe na mkeka wa mpira. Siku moja ya kuteleza mezani humgharimu mbwa mzima wiki nyingi za woga.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa za zoezi hili bado ananguruma kwa watu anaowajua, usijaze fomu. Kuna mbwa wazuri sana wa nyumbani ambao ulingo si mahali pao, na kumlazimisha mmoja wao kwa ajili ya utepe wa ushindi ni ubinafsi.

Nimpe dawa ya kumtuliza siku hiyo?

Hapana. Wala ya mitishamba.

Nikikimbia naye anatembea kama ngamia, miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja. Kwa nini?

Kwa kawaida kwa sababu unakwenda polepole. Mbwa aliyetembezwa kwa mwendo wa binadamu kwa miaka huuzoea mwendo huo. Ongeza kasi mpaka aingie mchakamchaka, ambao mguu wa mbele wa kulia huenda na wa nyuma wa kushoto. Ukianza vibaya, zunguka duara dogo, inua kichwa chake kidogo, uondoke upya. Kama kasi haisaidii, tazama uchovu, uzito na maumivu ya mgongo au nyonga. Pitisha vidole mbavuni: ukilazimika kubonyeza ili kuzipata, amenenepa. Apunguzwe taratibu, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki.

Misuli hujengwa kwa mchakamchaka kwenye udongo au nyasi, dakika 10 mwanzoni, ukipandisha hadi 20 au 30, mara tatu au nne kwa wiki. Tarajia kuona mabadiliko baada ya wiki nane hivi.

Kamba gani ninunue?

Nyembamba, yenye rangi inayokaribia manyoya yake. Swali lingine.

Nimwogeshe lini?

Mwenye manyoya mafupi, jana yake. Mwenye manyoya magumu au ya tabaka mbili, siku mbili au tatu kabla, maana shampuu huyalainisha na yanahitaji muda kurudia ugumu. Wale wa manyoya ya waya hawapitishwi mashine: manyoya yaliyokufa hung'olewa kwa mkono, na koti jipya huchukua kama wiki 8 hadi 12 kuwa tayari. Mashine huyakata tu, mzizi uliokufa ukabaki, na koti linakuwa laini na kupauka. Ndiyo maana wenye mbwa wa terrier wa manyoya hayo hupanga tarehe zao kwa kurudi nyuma. Rangi ya kupaka ni marufuku, hata kwenye pua.

Kucha zikigonga sakafuni ni ndefu. Kwa mbwa mzima nyama ya ndani nayo imerefuka, kwa hiyo ukizikata zote siku moja utamtoa damu. Punguza milimita moja au mbili kila wiki. Nyama hurudi nyuma yenyewe.

Nikiingia ulingoni nafanya nini? Naogopa aibu.

Mbwa upande wa kushoto. Mzunguko huenda kinyume cha saa, hivyo mbwa huwa kati yako na jaji. Marekani jaji hutarajiwa kupima mbwa wapatao 25 kwa saa, yaani dakika mbili na kidogo kwa kila mmoja. Hapo hakuna nafasi ya kumsimulia nasaba. Atamkagua kwa mikono, kisha atakuambia uende na kurudi au upige pembetatu. Chagua kitu upande wa pili wa ulingo ukifuate. Anayemkodolea mbwa macho hukimbia kwa kupinda. Ukirudi, simama hatua mbili mbele ya jaji na umwache mbwa asimame mwenyewe. Kwenye maonyesho ya FCI utapewa daraja na maelezo ya maandishi. Daraja la pili kutoka juu kwa mara ya kwanza si tusi. Yasome maelezo kabla ya kulalamika.

Atakuwa bingwa lini?

Kwa aina zisizohitaji mtihani wa kazi, ubingwa wa kimataifa wa FCI unataka CACIB nne (vyeti vya mgombea wa ubingwa huo), katika nchi tatu, chini ya majaji watatu, na kati ya ya kwanza na ya mwisho upite mwaka mmoja na siku moja. AKC inataka pointi 15, ukiwemo ushindi mkubwa, yaani wa pointi tatu au zaidi, mara mbili chini ya majaji tofauti. Hesabu nauli kabla ya vikombe.

Jike wangu ataingia joto wiki hiyo hiyo. Nifanye nini?

Soma kanuni za waandaaji, maana wengine huruhusu na wengine hukataa. Akiruhusiwa, mweke mbali na madume mpaka zamu yake, umwingize na kumtoa moja kwa moja, na usimlaze kwenye zulia la mtu mwingine. Jike wa manyoya marefu hupukutisha koti miezi michache baada ya joto, kwa hiyo andika tarehe alizoingia joto kwenye daftari kabla ya kulipia maonyesho yanayofuata.