Kelele ya S9 kwenye mita 40: anza na meni swichi kabla ya kununua filta

Mkuu, umesema uko Tabata, dipoli ya redio yako ya ridhaa (antena ya waya) iko juu ya paa, na kila giza likiingia S-mita, kile kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio, inapanda hadi S9 kwenye mita 40 (bendi ya megahezi 7) na vituo vyote vinamezwa. Unauliza ununue filta ya kuzuia kelele au ubadilishe antena. Kwa sasa usinunue chochote. Mimi niko Sinza, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na bendi hiyo naisikia vizuri kwa sababu nilitafuta kelele inakotoka.

Kwanza tofautisha unachosikia. Usiku megahezi 7 inafunguka, hivyo kelele ya asili nayo inapanda, na wakati wa masika radi za mbali zinaleta mikwaruzo inayokuja na kupotea. Hiyo utaivumilia tu. Ya adapta na chaja ina tabia nyingine: ni mngurumo ambao ukizungusha masafa unaukuta tena kila baada ya nafasi ileile, tuseme kilohezi 60, na unahama taratibu kadiri kifaa kinavyopata moto. Cheche za laini ya umeme ni mkoromo mkavu uliotanda bendi nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50 na cheche hutokea mara mbili kwa kila mzunguko, ndiyo maana sikio linapata mkoromo wa hezi 100. Huku pwani chumvi na vumbi hukaa kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha na mkoromo ukatulia siku chache, anza kuishuku nguzo. Usiigonge wala usipande. Toa taarifa kwa watu wa umeme, wataje mahali ilipo.

Sasa jaribio lenyewe. Lisha redio kwa betri ya volti 12, subiri saa ambayo kelele ipo, kisha zima meni swichi. Hapa wengi wanakosea: inveta ya sola, UPS (kifaa cha akiba ya umeme kwa kompyuta) na laptopu zinaendelea kufanya kazi kwa betri zao hata umeme ukiwa umekatwa. Nazo zizime kabisa. Kelele ikikata, chanzo kiko ndani kwako. Washa breka mojamoja huku mwenzako akiangalia S-mita, na ukipata chumba chenye tatizo, chomoa kifaa kimojakimoja. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, adapta inabaki na umeme.

Kwangu mkosaji mkubwa alikuwa adapta ya king'amuzi, akifuatiwa na taa ya LED ya barazani. Ile adapta niliifungua ikiwa imeshachomolewa na kupoa. Kwenye bodi, pale umeme unapoingia, kulichapwa alama za koili na kapasita za kuzuia kelele, lakini nafasi zote zilikuwa tupu. Mahali pa koili pamepitishwa kipande cha waya tu. Aliyeichora alijua kinachotakiwa, aliyeitengeneza akabana gharama, na kelele yote ikapanda kwenye nyaya za nyumba, ambazo kwa redio yako ni antena.

Kelele ikibaki hata baada ya kuzima kila kitu, toka nje na redio ndogo ya AM ya betri, iweke mahali pasipo na stesheni. Ndani yake kuna fimbo ya feraiti, kitu kigumu cheusi chenye sifa za sumaku, ambayo ndiyo antena yake: ncha yake ikielekea kwenye chanzo, sauti hupungua. Izungushe, shika mwelekeo, sogea, rudia. Karibu sana na nyaya itakudanganya, kwa sababu waya wote unalia.

Mimi iliniongoza hadi ukutani kwa mzee jirani. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndiyo inasimamia masafa, lakini mimi sikuanzia huko. Nilipiga hodi mchana, “Shikamoo mzee,” nikamwomba asikilize mwenyewe. Alichomoa chaja ya taa yake ya dharura, redio ikanyamaza mkononi mwangu. “Kumbe ndiyo hii?” Nikamnunulia nyingine niliyoijaribu kwanza nyumbani. S-mita yangu ilishuka kutoka S8 hadi S3. Kila S ni desibeli 6 (kipimo cha tofauti ya nguvu), kwa hiyo hizo ni desibeli 30. Ili anayekuita apate nafuu hiyo kwa upande wake, angelazimika kuongeza nguvu mara 1,000.

Pete za feraiti, zinazozuia kelele isipite kwenye waya, zinakuja baada ya hapo, kwa vifaa usivyoweza kubadilisha. Ukipitisha waya mara moja tu, kwenye megahezi 7 utaona mabadiliko madogo. Zungusha mizunguko mingi kwenye pete moja, maana kizuizi kinakua kwa mraba wa mizunguko: mitatu inakupa takriban mara tisa ya mmoja. Ukiagiza, chagua mchanganyiko namba 31, aina ya feraiti inayofaa masafa haya. Vile vidude vya kebo za monita kuukuu pale Kariakoo vingi vimetengenezwa kwa masafa ya juu zaidi, lakini vyenye tundu pana vinasaidia ukizungusha vya kutosha. Weka pia pete moja kwenye kebo ya antena pale inapoungana na dipoli, ili ganda la kebo lisibebe kelele ya nyumba hadi juu. Na kama waya unaweza kusogea mita chache kutoka paani kuelekea uwanjani, usogeze.

Fanya jaribio la meni swichi leo usiku, kisha utuandikie hapa: S-mita kabla na baada, saa ngapi, na kama mngurumo unajirudia kwa nafasi sawa au umetanda bendi nzima.