Dawa za kutuliza uchungu wa mapema, kwa kaka aliyeuliza kuhusu mkewe mwenye mimba ya wiki 30

Pole sana kaka. Umeuliza kwa nini mkeo kapewa vidonge vya nifedipini, ambavyo mama yako anavijua ni vya presha, wakati yeye enzi zake alitundikiwa dripu ya salbutamoli na uchungu ukakata, na kama mnaweza kurudi Kongwa na hivyo vidonge mkasubirie miezi tisa. Mi ni nesi mkunga, nimefanya leba wilayani kabla sijahamia Dodoma mjini, na zote mbili nimewapa wazazi.

Kwanza toa hilo la miezi tisa kichwani. Hakuna hata moja ya kufikisha huko, zote zinatafuta kama masaa 48 tu. Kwenye hayo masaa sindano za deksamethasoni ziingie, 6 mg kila baada ya masaa 12 mara 4, zikomaze mapafu ya mtoto, na kama mama yuko kituo kidogo asafirishwe mtoto akiwa bado tumboni mpaka hospitali yenye wodi ya njiti. Dawa ikikupa siku mbili halafu sindano hazijachomwa na rufaa haijaandikwa, hapo hamjapata kitu kabisa.

Mama yako hajakosea, salbutamoli inakata uchungu kweli. Ila mi ilikuwa inanitisha, hasa usiku daktari hayupo. Mzazi anatetemeka mikono hadi chai inamwagika, moyo unamwenda mbio anakwambia nesi nakufa, sukari inapanda, na wengine mapafu yanajaa maji hasa wenye mapacha au waliotundikiwa dripu nyingi. Shirika la Afya Duniani, WHO, hawaipendekezi kwa kazi hii. Nifedipini ndo waliyoichagua kwenye mwongozo wa 2022, inazuia kalisiamu isiingie kwenye misuli ya kizazi basi misuli inalegea, anameza tu na mwili unaivumilia zaidi. Kichwa kitamuuma, uso utawaka, presha inaweza kushuka kwa hiyo asiinuke kitandani ghafla, na akija mtu kuwaambia aiweke chini ya ulimi ifanye haraka mkatae, presha ikianguka ghafla damu inayomfikia mtoto inapungua.

Kama wamemchoma na magnesiamu hiyo usiihesabu kwenye dawa za uchungu, chini ya wiki 32 inatolewa kulinda ubongo wa mtoto. Ndo maana nesi anapita na kinyundo anamgonga goti, anahesabu anavyopumua na anapima mkojo, goti lisiporuka dawa imezidi. Muacheni afanye kazi yake hata saa nane usiku. Indometasini nayo inatuliza, ila mimba ikipita wiki 32 hatuipendi kwa sababu inaweza kufunga mshipa wa karibu na moyo wa mtoto ambao tumboni unatakiwa uwe wazi.

Na kuna wakati hatutoi kabisa, ndugu wanakasirika wanaona tumemtelekeza mgonjwa. Chupa imepasuka na mama ana homa au maji yananuka, damu inatoka nyingi, au presha ya mimba imekuwa kali, hapo kumng'ang'aniza mtoto ndani ni kuwaumiza wote wawili.

Sasa kuhusu Kongwa, mi nakuomba msiende. Uchungu ukitulia na daktari akamruhusu, tafuteni ndugu hapa hapa mjini, Nkuhungu, Chang'ombe, popote, akae karibu na hospitali. Uchungu ukirudi tena au chupa ikapasuka piga 115, ni bure, ndo namba ya m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Na leo daktari akipita raundi muulize mawili, deksamethasoni imeshafika dozi ya ngapi, na mtoto akizaliwa wiki hii atalazwa wapi, wana oksijeni na kitanda cha mama kumbebea mtoto kifuani kangaroo? Kama hawana, omba rufaa sasa hivi vidonge vikiwa bado vinafanya kazi.