Spika kubwa nyuma ya kitambaa: sinema tuliyoijenga besimenti

Kata kipande cha nailoni nzito, sentimita 45 kwa 45. Kibandike kwa selotepu pana kwenye sakafu ya zege ya besimenti yako, yaani chumba cha chini ya ardhi, uzibe kingo zote nne hewa isipite, ukiache mpaka kesho yake. Ukikibandua ukakuta matone kwa chini, au zege limekolea weusi kama limelowa, usinunue spika. Wala projekta. Fedha ya kwanza ni ya kushughulikia maji.

Naanza na nailoni kwa sababu karibu kila anayenipigia simu kuuliza habari za sinema ya nyumbani anaanza na spika: za kampuni gani, wati ngapi, dola ngapi. Nami nilianzia huko huko, na spika zangu zilikaa gereji mwaka mzima zikinisubiri nijifunze mambo ya nyumba.

Tunaishi Minnesota, kwenye kitongoji cha Minneapolis, na nyumba nyingi za huku zina besimenti kwa sababu ya baridi. Msingi lazima ushuke chini ya kina ambacho udongo huganda. Kwetu hapa ni inchi 42, zaidi ya mita moja, na kaskazini mwa jimbo ni inchi 60. Ukishachimba kiasi hicho, ukiongeza kidogo unapata ghorofa nzima. Sisi tuliokulia Tanga, ambako nyumba inaanzia usawa wa ardhi na madirisha yako wazi mwaka mzima, chumba cha chini ya ardhi hatuzijui tabia zake.

Tabia ya kwanza ni kwamba kinakuficha ukweli wakati wa baridi. Fundi mmoja alitaka kunipigia jipsamu mwezi wa pili, akaniwekea mkono wangu ukutani nihisi mwenyewe kuwa umekauka. Kweli ulikuwa umekauka, kwa kuwa huko nje kila tone lilikuwa barafu. Theluji ilipoanza kuyeyuka mwezi wa nne, kona ya mashariki ikaanza kutoa machozi. Dawa yake haikuwa ghali: tulirefusha mabomba ya mifereji ya paa yamwage maji mita mbili kutoka ukutani, tukajaza udongo pembeni ili uteremke kuelekea nje. Halafu tukangoja masika nzima ipite tukiangalia. Kama unanisoma wakati wa baridi na mikono inakuwasha, ngoja.

Katika kungoja huko, pima radoni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inapanda kutoka ardhini na kujikusanya chini, na kwa Marekani ndiyo ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu. Kipimo cha nyumbani hakina bei kubwa. Kiwango ambacho serikali inashauri uchukue hatua ni pikokuri 4 (pikokuri ni kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Kikivuka, bomba linatobolewa chini ya zege na feni inavuta gesi kuitoa juu ya paa, na kazi hiyo ni nyepesi kabla kuta hazijafungwa. Unajenga chumba ambacho wanao watakaa saa tatu tatu, usiliruke hili.

Kibali cha mji nilichukua, na mkaguzi alikuja mara tatu. Kwenye zege tulibandika kwanza mbao za foamu ngumu, ndipo zikasimama fremu za mbao za inchi mbili kwa nne, na ubao wa chini kabisa uliogusa sakafu ulikuwa wa mbao iliyotiwa dawa. Fundi umeme alituletea laini ya peke yake ya ampea 20.

Sasa kelele. Mke wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Anarudi saa mbili asubuhi, analala mpaka alasiri, na chumba cha kulala kiko juu ya besimenti, sawia kabisa na mahali nilipotaka kuweka sabufa. Nilipomwonyesha mchoro wa kwanza, aliuangalia akaniambia, "Baba Rehema, mimi sitaki kujua skrini ina inchi ngapi. Niambie nitalala wapi." Jibu sikuwa nalo. Kwa hiyo mradi ukageuka: kwanza usingizi wake, halafu sinema.

Watu wengi hudhani ukijaza pamba ya mawe kwenye dari sauti imekwisha. Pamba inasaidia, lakini peke yake haiizuii besi kupita. Besi inasafiri ndani ya mbao zenyewe: inatikisa jipsamu, jipsamu inatikisa mbao, mbao inatikisa sakafu ya juu, na sakafu inakuwa spika ya pili chini ya kitanda. Ili uikate safari hiyo, jipsamu isigusane na mbao za dari. Tuliining'iniza kwenye reli nyembamba za bati zilizoshikwa na klipu za mpira, tukapiga jipsamu mbili, moja juu ya nyingine, katikati tukatia gundi maalumu isiyokauka ikawa ngumu, ambayo inageuza mtikisiko kuwa joto kidogo. Kila ufa tukaujaza silikoni laini. Mlango ni wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, na una mpira kuzunguka fremu yote.

Hata hivyo siku ya majaribio nilisimama chumbani kwetu nikasikia maneno, neno kwa neno, mtoto akiongea na mwenzake kule chini. Yalikuwa yanapanda kwenye bomba la hewa ya joto kama simu ya makopo tuliyokuwa tukiicheza utotoni. Ukiwa na besimenti yenye mabomba ya hewa, usisahau hili: tulilazimika kulikata, tukaunganisha kisanduku kikubwa chenye kona mbili ndani na kuta zilizotandikwa sponji ya kumeza sauti. Hewa inapinda na kupita, maneno yanaishia humo.

Nije kwenye spika zenyewe, maana ndizo ulizozifuata.

Ninazo tatu za mbele, zilizotumika kwenye ukumbi wa sinema, kila moja ina woofa ya inchi 15, ile ya sauti nzito, na juu yake honi, mdomo mpana wa kutoa sauti za juu. Ni makabati, ukiziweka sebuleni wageni watauliza kama unahama. Kwa nini ukubwa huo? Spika ya namna hii kwa wati moja tu inatoa kama desibeli 97, kipimo cha ukubwa wa sauti, ukiipima mita moja mbele yake. Spika ndogo nzuri ya rafu mara nyingi iko kwenye 85. Kila desibeli 3 zinataka nguvu mara mbili, kwa hiyo tofauti hiyo ya 12 maana yake spika ndogo inahitaji wati 16 pale ambapo kubwa inatumia moja. Mlango ukibamizwa ghafla kwenye filamu, ndogo inajikaza na sauti inakwaruza. Kubwa inapumua tu. Na kwa sababu haihangaiki, unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini na bado kila kitu kikasikika.

Kuzificha nyuma ya skrini si urembo. Nikiwa mdogo tuliangalia filamu kwenye kibanda umiza, televisheni mbele, spika moja juu ya mlango nyuma yetu. Shujaa anafungua mdomo huku, sauti inatoka kule. Masikio yanachoka bila wewe kujua kwa nini. Nyumbani tunafanya kosa dogo la aina hiyo tukilaza spika ya katikati chini ya skrini, maneno yanatoka kwenye magoti ya waigizaji. Skrini ikiwa inapitisha sauti, spika ya katikati inasimama nyuma yake, sawa kabisa na zile za pembeni, honi ikiwa usawa wa masikio ya aliyeketi. Kwangu ni mita 1.1 kutoka sakafuni. Ndivyo kumbi za sinema zinavyofanya.

Skrini za aina hiyo ni mbili, za matundu na za kufuma. Mimi nimechagua ya kufuma, kwa sababu matundu yanaweza kugombana na nukta za projekta ukaona mawimbi kwenye picha. Kwa kitambaa cha kufunika kuta na spika za pembeni, kipimo ni pumzi: weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kusukuma, sauti nayo itapita. Mke wangu alitaka kitenge, na mimi nilikitaka pia, ukuta mzima wa kitenge ungependeza. Tukakijaribu mbele ya spika moja: herufi "s" zote zikafifia, kama mtu anaongea akiwa amejifunika shuka. Kitenge kimefumwa kwa kubanana mno. Sasa kiko ukuta wa nyuma, mahali pasipo na spika, na ndicho kitu cha kwanza watu wanachokisifia.

Kutoka ukuta halisi mpaka skrini tuliacha sentimita 75. Kabati linachukua 45, zilizobaki ni nafasi, kwa sababu sauti kidogo hurudi kutoka mgongo wa skrini, na spika ikiwa imebanwa karibu inairusha tena. Uso wa kabati nao tuliuvika sponji nyeusi. Na nyeusi iwe nyeusi kweli isiyong'aa. Siku ya kwanza tulipowasha, ikaja picha ya uwanda wa theluji, na katikati ya ule weupe Rehema akanyoosha kidole: duara la fedha, kama sarafu, linaelea hewani. Ilikuwa pete ya chuma ya woofa, mwanga umepenya kwenye nyuzi za skrini ukaigonga na kurudi. Kopo moja la rangi likamaliza.

Pima ngazi kabla ya kununua. Pima upana, pima kona, na pima urefu kutoka kidato mpaka dari pale ngazi inapopinda, maana kabati refu linahitaji kuinamishwa ndipo ligeuke. La kwanza lilitukwamia mimi na jirani yangu kwenye kona, halipandi halishuki. Tulitoa honi, tukatoa woofa, tukang'oa mkono wa ngazi, likapita kwa nafasi ya kidole.

Kwa besi, chumba kina usemi kuliko sabufa. Chukua 343, ambazo ni mita sauti inazosafiri kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba uliouzidisha kwa mbili. Changu ni mita 7, jibu ni hezi 24.5, yaani mitikisiko 24.5 kwa sekunde. Noti hiyo itajazana kwenye kuta za mbele na nyuma na itatoweka katikati kabisa. Upana wa mita 4.2 unatoa karibu 41. Pima ukuta kwa ukuta halisi, usitoe kina cha skrini. Besi inapita kitambaa kana kwamba hakipo. Kwa hiyo kochi lisigande ukuta wa nyuma wala lisikae katikati. La kwetu liko theluthi mbili kutoka mbele, na kwa skrini yenye upana wa mita 2.7 picha inachukua karibu digrii 38 za macho, inatosha kukumeza bila kukugeuza shingo.

Sabufa iweke kwanza juu ya kochi, pale utakapokaa. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kwa magoti kuzunguka kuta, sikio likiwa chini. Pale utakaposikia kila noti ina uzito sawa na mwenzake, ndipo mahali pa sabufa. Watoto walitambaa pamoja nami, na alama ya chaki iliyobaki ni ya mdogo, alisikia vizuri kuliko mimi. Baadaye niliongeza ya pili upande wa pili, na tofauti kati ya kiti na kiti ikapungua sana.

Kabla hujafunga chochote, cheza sauti inayopanda polepole kutoka hezi 20 mpaka 120, uzunguke na mkono ukigusa kila kitu. Kwetu fremu ya kitambaa ilikuwa inapiga kelele kwenye 38, skrubu moja ya bomba la hewa kwenye 52. Utepe wa felti na skrubu kukazwa, basi. Ukishafunga, kelele hiyo utaishi nayo. Na fremu za kitambaa zishike kwa sumaku, usipigilie misumari, kwa sababu ipo siku waya utalegea na utataka kuingia. Waya za ukutani ziwe zile zilizoruhusiwa kupita ukutani, na ya projekta ipite ndani ya bomba tupu ili uweze kuivuta na kuweka nyingine.

Jumamosi ya kwanza tuliyotazama filamu nzima, Mama Rehema alikuwa amelala. Mara mbili nilipanda kwa vidole nikasimama mlangoni kwake; nilisikia feni tu. Saa tisa alasiri akashuka na kikombe cha chai, majina ya mwisho yakiwa bado yanapita kwenye skrini, sauti nimeshaizima. Akaketi, akajifunika blanketi la mtoto, akauliza, "Bado hamjaanza?"