Wasomaji Wanauliza: Ng'ombe akitupa mimba mara moja, amepona?

SWALI: Shikamoo daktari. Ng'ombe wangu wawili wametupa mimba mwaka huu, mmoja ikiwa ya miezi 7, na kondo la nyuma likagoma kutoka. Jirani ananiambia nisihangaike, hawatarudia. Niwauze au niwaache? – Mfugaji, Monduli

JIBU: Marahaba. Dalili hizo zinafanana na za brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba za ng'ombe na kuambukiza watu pia. Ni kweli kwamba ng'ombe mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba mara moja tu, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, kisha akazaa kama kawaida. Lakini hajapona. Vijidudu hukaa kwenye kiwele, vikatoka na maziwa, na kila anapozaa hutoka kwa wingi na maji ya uzazi na kondo. Sindano za antibiotiki hazimponyi, kwa hiyo usipoteze fedha zako huko.

Kwanza pima, maana homa ya Bonde la Ufa na leptospira (ugonjwa mwingine wa bakteria) nazo hutoa mimba. Mwite afisa mifugo achukue damu ya kundi zima, dume pia, hasa akiwa amevimba korodani au magoti. Maabara huchanganya tone la seramu na tone la dawa ya rangi ya waridi, hutikisa kwa dakika 4, na punje zikigandana, ng'ombe huyo ana dalili za maambukizi. Kipimo cha pili ndicho huthibitisha. Aliyetupa mimba juzi tu anaweza kuonekana hana kitu. Mrudie baada ya wiki 3.

Atakayethibitika usimuuze mnadani, kwa sababu utakuwa umempelekea mwenzako ugonjwa. Apelekwe machinjioni, na wachinjaji waambiwe mapema wavae glavu, wasiguse kiwele na mfuko wa uzazi kwa mikono mitupu.

Kondo na kijusi visiachwe vikaliwa na mbwa, kwani wao ndio hutawanya malishoni. Vaa glavu ndefu (mifuko ya plastiki isiyotoboka ni afadhali kuliko mikono mitupu), chimba shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1, mwaga chokaa, fukia, weka mawe juu. Mama atengwe hadi uchafu ukome kabisa, wiki 4 hivi. Mjamzito asisaidie kuzalisha.

Mitamba wachanjwe kwa S19, chanjo ya brusela, wakiwa na miezi 3 hadi 8. Ukichelewa, kipimo cha baadaye kinaweza kukudanganya kwamba wanaumwa. Chanjo hiyo ni hai na humwambukiza mtu, kwa hiyo mwachie mtaalamu, na asiichome kwa ng'ombe mwenye mimba.

Maziwa yachemshwe hadi yafoke, hata ya kugandisha. Uchachu peke yake si kinga ya kutegemea.

Tena, kama kuna mtu nyumbani mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo au kiuno, na dawa za malaria hazijamsaidia, amwambie daktari kwamba ng'ombe wenu wametupa mimba. Matibabu ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki 6. Anayeziacha njiani kwa kuwa homa imeshuka, mara nyingi homa humrudia.